Guangzhou Baada ya Mzigo Kufungwa

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaposema anakwenda China, mara nyingi hazungumzii nchi. Anazungumzia mitaa michache ya mji mmoja. Anazungumzia Xiaobei, ambako atalala na kupata wali kwa nyama ya halali. Sanyuanli, ambako atanunua nguo. Barabara ya Zhanxi karibu na stesheni kuu ya reli, penye viatu na saa. Guihuagang, kwa sisi tunaouza mikoba. Na ghala la wakala wa mizigo, ambalo kwa kawaida liko pembezoni mwa mji, mahali ambapo hakuna mgeni angefika kama si kwa ajili ya kontena. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 18 katika Guangzhou, lakini Guangzhou yetu sisi wanunuzi ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuimaliza kati ya adhuhuri na magharibi. Nimekuwa nikija hapa kwa miaka mingi, na ninaweza kumwelekeza mgeni hadi kwa muuza zipu aliye ghorofa ya juu katika jengo lenye mamia ya vibanda, na asipotee. Mto uliouzaa mji huu nilikuwa nimeuona usiku tu, kupitia kioo cha teksi.

Safari hii nilibakiwa na siku za bure mwishoni, wala si kwa kupanga. Biashara ya mikoba huenda hivi: unachagua sampuli, unapatana bei, unaacha kianzio, kisha unasubiri kiwanda kishone, mzigo ukiwa tayari hupelekwa ghalani kwa wakala, ukahesabiwa na kupimwa kwa zile mita za ujazo ambazo sote huziita CBM, na hapo ndipo unamalizia deni lako. Mwenye kiwanda akikuambia keshokutwa, wewe hesabu wiki. Ndiyo maana mzoefu hakati tiketi ya kurudi karibu na tarehe aliyoahidiwa, na mimi nilikuwa nimekata ya mbali. Mara hii kiwanda kikatimiza ahadi, jambo ambalo hakuna anayelipangia, nikajikuta mzigo umeshaingia ghalani na ndege bado.

Ghalani kuna kazi moja ambayo haifai kumwachia mtu mwingine. Katoni hupangwa sakafuni, kila moja imeandikwa kwa kalamu nene alama ya mzigo wako, na wewe ndiye unayechagua zipi zifunguliwe, kwa maana kijana wa ghala ukimwachia atakufungulia ya juu. Nilitaka za katikati na za chini. Nikatoa mkoba, nikaivuta zipu mpaka mwisho mara kadhaa, kwa kuwa zipu mbaya haikwami mwanzoni bali pale kwenye kona. Nikaigeuza bitana nje ili nione kama mshono umerudiwa pale mikanda inaposhikia. Kisha nikanusa, kwa sababu gundi ya bei rahisi ikifungiwa ndani ya kontena linalovuka Bahari ya Hindi hunuka mpaka dukani, na mteja hurudisha mkoba hata kama ameupenda. Kijana wa ghala amejifunza Kiswahili cha kutosha kuhesabu na kutania, na muda wote huo alikuwa akisema, "Nzuri dada, nzuri," huku tepu ya kufungia katoni iko mkononi. Tulipomaliza tukabishana kidogo juu ya CBM, kama ilivyo ada, kwa sababu futi ya wakala hurefuka na ya mwenye mzigo hujikunja. Tukakutana katikati, nikalipa, nikapewa karatasi yangu. Kuanzia hapo sikuwa na kazi yoyote katika mji wa Guangzhou.

Wengi wetu siku za namna hiyo huzimalizia chumbani Xiaobei, tukipiga soga na kulinganisha bei, au, vibaya zaidi, tukirudi madukani kununua kwa pesa ya ada za watoto. Mimi niliamua kuzitumia kama mtalii, na nilianza na yale ambayo kila mtalii huanza nayo. Mnara wa Canton, uliofunguliwa mwaka 2010 na wenye urefu wa mita 600, unapendeza mno usiku, lakini ukilipa kuupanda utaona kila kitu katika mji huu isipokuwa mnara wenyewe, ambao ndio uliokuvutia. Kwenye barabara ya Beijing, kati ya maduka ya nguo, wameweka vioo ardhini ili upite juu ya barabara za kale zilizochimbuliwa mwaka 2002, tabaka 11, moja juu ya nyingine. Nilisimama hapo kwa heshima ya kiasi, kisha nikaendelea. Chenye thamani kuliko vyote hivyo ni kivuko cha kawaida cha abiria kwenye mto Zhujiang, ambacho nauli yake ni Yuan 2, na ambacho huwabeba wenyeji pamoja na mboga zao. Ukikaa upande wa kushoto unaona majengo ya kikoloni, mabango ya mabenki na wazee wavuaji kwa zamu, na hakuna anayekuuzia kitu.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya chini ya ardhi kutoka Xiaobei, nikabadilisha kwenye stesheni kuu ya reli, nikashuka Yuexiu Park. Ni mwendo mfupi kiasi kwamba unaona aibu kuuita safari. Hapo, ubavuni mwa barabara ileile ya Jiefang inayotupeleka Guihuagang kwenye mikoba, ipo makumbusho ya kaburi la mfalme wa Nanyue. Mwaka 1983 watu waliokuwa wakichimba kilima kwa ajili ya ujenzi walikutana na mawe makubwa yaliyopangwa, na chini ya mawe hayo, mita 20 hivi kutoka kilele cha kilima, alikuwa amelazwa Zhao Mo, mfalme wa pili wa dola iliyotawala upande huu wa kusini kabla haijamezwa na dola ya Han mwaka 111 kabla ya Kristo. Yeye alikufa mwaka 122 kabla ya Kristo. Unashuka ngazi na kuingia kaburini kwenyewe, vyumba vidogo vya mawe vyenye ubaridi, na unainamisha kichwa kwenye milango kwa sababu haikujengwa kwa ajili ya walio hai. Mfalme alizikwa akiwa amevalishwa vazi la vipande 2,291 vya jade, yaani jiwe la thamani, vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri. Alizikwa pia na watu 15 waliouawa ili wamfuate: masuria, wapishi, walinzi, mpiga muziki. Walinzi wa makumbusho wanalitaja hilo kwa sauti ileile wanayoitumia kutaja vyungu, na nadhani ndivyo inavyokuwa jambo likishafikisha miaka elfu mbili.

Niliyoyafuata mimi, baada ya kusikia habari zake kwa mtu wa Xiaobei, ni pembe za ndovu. Ziko tano. Zilikutwa zimerundikwa pamoja kaburini, hazijachongwa, yaani zilikuwa bado malighafi, na wachunguzi waliozipima wanasema zinalingana na za tembo wa Afrika kuliko za tembo wa Asia. Karibu nazo kuna kikasha cha fedha chenye ufundi wa Uajemi, na ulikutwa pia ubani, ambao hautoki China bali Arabuni na Pembe ya Afrika. Pembe zenyewe si nzuri kutazama. Zimekauka na kupasukapasuka, rangi imekuwa ya udongo, na mgeni asiyesoma maelezo atazipita akikimbilia vazi la jade. Mimi nilikaa hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, nikifanya hesabu ambayo mfanyabiashara hawezi kuacha kuifanya: nani aliyezibeba mpaka ufukweni, nani aliyezipakia, zilibadili mikono mara ngapi na kila mkono ulikata kiasi gani. Mtu wa kwanza katika mnyororo huo hakuijua Guangzhou, na wa mwisho hakumjua tembo huyo wala nchi yake. Kati yao palikuwa na watu wa kati, kina sisi.

Nilikua nikiambiwa kwamba biashara yetu na Wachina ni jambo la juzi, tangu walipotujengea reli ya TAZARA, au tangu vijana wa Kariakoo walipoanza kupita Dubai na Bangkok kabla hawajagundua kwamba bidhaa zote zinatoka huku. Kwa upande wa vijana wa Kariakoo ni kweli. Lakini ukienda Kunduchi, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya Dar es Salaam, utakuta makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya Kichina, na tumeyapita maisha yetu yote tukienda kununua samaki. Waarabu wa zama za Bani Abbasi waliuita mji huu wa Guangzhou Khanfu, na palikuwa na mtaa mzima wa wageni, wenye kadhi wao wa kuwaamulia mashauri. Kwa hiyo mzigo kutoka kwetu ulifika huku zamani sana, na kilichobadilika ni upande wa mizani. Zamani ulikuja mzigo bila wenye mzigo. Siku hizi tunakuja wenyewe, na mikono mitupu, kununua.

Ijumaa nilikwenda kuswali kwenye msikiti ulio kando ya bustani, si mbali na hiyo makumbusho, ambao wenyeji husema ndipo alipozikwa Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Kuna msikiti mwingine mkongwe mjini, wa Huaisheng, wenye mnara mnene wa mita 36 hivi ambao zamani uliwaongoza mabaharia kwa taa, lakini huu wa kaburini ndio unaowakusanya wafanyabiashara. Njia nzima kuelekea mlangoni hugeuka soko: mishikaki ya kondoo inachomwa kwa bizari na pilipili, mikate mikubwa ya duara inapangwa juu ya meza, tende, kofia, kadi za simu. Ndani utakuta Wasomali, Wamali, Wapakistani, Wayemeni, Waislamu wa China wa kabila la Hui, na ukisikiliza vizuri utasikia Kiswahili cha kila bandari. Baada ya swala nilimwamkia mzee mmoja wa Mombasa anayefanya biashara ya vigae, ambaye nimekuwa nikimwona mara kwa mara kwenye mgahawa tunaokula.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kuzuru?"

Nikamwambia ndiyo, kisha nikamuuliza, kwa adabu, kama yeye anaamini kwamba Sahaba yumo humo. Vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema Saad alizikwa Madina, kwenye makaburi ya Baqii, na wanahistoria wanaitilia shaka sana hadithi ya Guangzhou. Mzee hakukasirika. "Sahaba yuko Baqii, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini hapa amelala Muislamu aliyekufia ugenini akitafuta riziki, na mimi nikimwombea huyo nimejiombea mwenyewe." Akaingia chumba cha kaburi, ambacho ni kidogo chenye kuba na mwangwi mkubwa, nami nikasubiri zamu ya wanawake.

Yide ni barabara ambayo wauza vifaa vya sherehe na midoli wa Kariakoo wanaijua vizuri, na mimi nilikuwa nimewahi kufika mara chache kwa ajili ya mapambo. Katikati yake kuna kanisa kuu la Kikatoliki, lililojengwa kwa mawe ya matale kuanzia mwaka 1863 hadi 1888, minara yake miwili ikiwa imesimama juu ya maduka ya puto na maua ya plastiki, jambo ambalo nililiona la kuchekesha na baadaye la haki kabisa. Mbele kidogo harufu hubadilika. Hapo huanza maduka ya vyakula vya baharini vilivyokaushwa, na harufu yake ni ya soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wakati wa kusi, pale kamba na dagaa wanapokuwa wameanikwa tangu asubuhi, isipokuwa hapa imefungiwa ndani ya majengo na kuzidishwa.

Niliingia duka la kwanza nikakutana na majongoo bahari. Yamepangwa kwa ukubwa ndani ya masanduku yenye vioo, meusi, magumu, yenye miiba midogo au laini kutegemea aina, na bei hupanda kila unaposogea kulia. Kwetu pwani mtoto akiyakanyaga majini hupiga kelele. Hakuna nyumba ninayoijua inayoyapika. Wavuvi wa Unguja, Pemba na Mafia wamekuwa wakiyazamia na kuyauza kwa watu wanaokuja kuyachukua, na siku hizi Zanzibar inahimiza yafugwe. Mchakato wenyewe nimewahi kuuona Unguja: hupasuliwa, huchemshwa, hukwanguliwa, huanikwa, na jongoo mnene wa kujaa mkono hubaki kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Muuzaji aliniona nikitazama, akafikiri nataka kununua, akanipa moja nilishike. Ni jepesi na gumu, na ukiligonga kwenye kioo linalia.

Duka la tatu au la nne ndilo lililokuwa na mabondo. Mtu wa Mwanza hahitaji maelezo, lakini kwa wengine niseme kwamba bondo ni kile kifuko cha hewa ndani ya samaki, na bondo la sangara wa Ziwa Victoria, ambalo zamani halikuwa na maana yoyote kwa mvuvi, sasa kilo yake ina bei kubwa kuliko kilo ya minofu. Hukaushwa na kusafirishwa mpaka Hong Kong na huku, ambako hupikwa supu ya kuwapa nguvu wanawake waliojifungua na wagonjwa. Katika duka hilo yalikuwa yametundikwa kwa kamba, mapana, ya manjano hafifu, mwanga ukipita ndani yake. Nilimwonyesha muuzaji picha ya sangara kwenye simu. Akaitazama, akacheka, akatoa jozi ya mabondo makubwa kutoka rafu ya nyuma, akaelekeza kidole kwangu, yaani kwenu. Kisha akaandika bei kwenye kikokotoo na kunigeuzia, kama ninavyogeuziwa kila siku Guihuagang, na kwa mara ya kwanza katika mji huu niliitazama bei kwa jicho la muuzaji. Nilijua takriban mchuuzi wa ziwani hupata nini. Sitaiandika tofauti hapa, kwa kuwa katikati kuna usafiri, ushuru na hasara ambazo sizijui vizuri, na mimi mwenyewe mkoba wangu siuuzi Kariakoo kwa bei niliyoununulia. Lakini niliwaza kwamba sisi huja huku na mahesabu makali ya kila kibanio na kila kifungo, ilhali vitu vyetu vinavyopita njia hiyohiyo kwa upande wa pili havina hata mtu mmoja wa kwetu aliyesimama dukani kuviangalia vikiuzwa.

Kutoka Yide ukishuka kuelekea mtoni unafika sehemu ambayo ningependa kila mnunuzi wa Xiaobei aifahamu. Barabara yake inaitwa Shisanhang, na leo ni soko la nguo za jumla linaloanza alfajiri, ambapo wabeba mizigo hukupita na marobota bila kuomba radhi. Kuanzia mwaka 1757, kwa amri ya mfalme Qianlong, Wazungu wote waliotaka kufanya biashara na China kwa njia ya bahari walilazimishwa kuifanya Guangzhou peke yake, na ndani ya Guangzhou walibanwa kwenye ukanda mwembamba wa maghala kando ya mto, hapo hapo Shisanhang na bustani iliyo karibu. Hawakuruhusiwa kuingia ndani ya ukuta wa mji. Hawakuruhusiwa kuleta wake zao. Walinunua chai, hariri na vyombo vya kauri kupitia wafanyabiashara maalumu wa Kichina wenye kibali, na msimu ukiisha walitakiwa kufungasha na kuondoka kwenda Macao. Hata kujifunza lugha kulikuwa na hatari yake: mwaka 1759 Mwingereza James Flint, aliyekijua Kichina na kuthubutu kupeleka malalamiko kaskazini, alifungwa miaka mitatu, na Mchina aliyemwandikia malalamiko hayo aliuawa. Utaratibu huo uliendelea mpaka Vita vya Kwanza vya Kasumba, yaani afyuni, vilipoishia kwa mkataba wa Nanjing mwaka 1842, maghala yenyewe yakateketea kwa moto mwaka 1856, na baada ya hapo Waingereza na Wafaransa wakajichukulia kisiwa cha Shamian, ng'ambo ya mfereji, wakajenga makanisa na mabenki yao chini ya miti mikubwa ambayo ipo mpaka sasa. Maharusi wa Guangzhou huenda huko kupiga picha.

Nilikaa kwenye benchi Shamian nikiyalinganisha mambo hayo na maisha yetu. Wale walifungiwa kwenye mtaa mmoja kwa amri ya mfalme. Sisi tunajifungia wenyewe. Wao walikatazwa kujifunza lugha. Sisi tunajua namba na maneno ya kuombea punguzo, tukaona yanatosha. Sisemi kwamba kosa lote ni letu, kwa maana visa ni fupi, pesa ni ya mkopo, na siku moja ya kutembea ni siku ya hoteli iliyolipwa bure. Tena mji huu haujawa mwema kwetu nyakati zote. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko, Waafrika wengi hapa walitolewa kwenye nyumba na hoteli wakalala nje, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya pamoja ya kulalamika. Waliokuwepo hawajasahau, na Xiaobei ya leo ina watu wachache kuliko ile niliyoikuta mara ya kwanza. Mtu aliyewahi kufungiwa mlango ana sababu ya kutotoka mtaani kwake. Lakini wengi wetu tunaokuja sasa hatukuwepo mwaka huo, na bado hatutoki.

Asubuhi ya mwisho mama mwenye duka la mikoba ninayenunua kwake alinialika chai. Miaka yote tumezungumza kwa kikokotoo na kwa programu ya kutafsiri ya simu, na alipoona bado nipo mjini ilhali mzigo umeondoka alishangaa, kisha akafurahi. Chai ya asubuhi kwa watu wa Guangzhou ni shughuli ya saa nzima au mbili, ya wazee wenye magazeti na familia zenye wajukuu, na meza hujaa vikapu vidogo vya vitafunio vya mvuke. Kabla ya lolote, mama huyo alichukua chai ya kwanza, ya moto sana, akaimimina kwenye vikombe, akavizungusha, akaviosha vijiko na vijiti vya kulia ndani ya bakuli, kisha akaimwaga yote. Nilidhani meza imeletwa chafu. Nilipogeuka nikaona kila meza wanafanya hivyo. Akamimina ya pili, ya kunywa, ya aina ya pu'er, nyeusi na yenye ladha ya udongo, na rafiki yake aliyekuwa nasi akagonga meza taratibu kwa vidole viwili bila kuacha kuzungumza. Ndivyo wanavyoshukuru. Inasimuliwa kwamba mfalme Qianlong, yuleyule wa amri ya mwaka 1757, alikuwa akisafiri kwa kujificha akammiminia chai mtumishi wake, na kwa kuwa mtumishi hakuweza kusujudu bila kumfichua bwana wake, akasujudu kwa vidole. Sina njia ya kuithibitisha hadithi hiyo, lakini nilijifunza kugonga. Chakula sikuweza kukila kwa sababu hata vile vya kamba huweza kutiwa mafuta ya nguruwe, na mwenyeji wangu, baada ya kuelezwa na simu, aliagiza karanga za kuchemsha na matunda, akazisukuma sahani zake mbali nami kidogo kidogo kwa namna ambayo sikuiona hata kwetu. Tulizungumza juu ya watoto, ada, kodi ya pango na wateja wasiolipa. Bei ya mikoba haikutajwa kabisa, na nina hakika safari ijayo atanipa ileile.

Uwanja wa ndege wa Baiyun siku za kuondoka ndege za Afrika una mandhari yake. Mabegi hufunguliwa sakafuni mbele ya mizani, viatu huhamia kwenye mkoba wa mkononi, makoti mawili matatu huvaliwa kwa pamoja, na kila mtu anamuuliza jirani yake kama ana kilo. Mimi nilikuwa nazo, kwa sababu siku zangu za mwisho sikununua kitu isipokuwa majani ya chai. Dada mmoja wa Kariakoo, mwenye mzigo wa vifaa vya saluni, alilitazama begi langu likisoma kilo 14 akaniuliza nilikuwa nafanya nini muda wote huo. Mzigo wa mtu nisiyemjua huwa sibebi, na nilimwambia hivyo kwanza ili asijenge matumaini. Kisha nikamwambia nilikwenda kutazama pembe za ndovu.

"Pembe? Dada, na hapo mbele forodha utazipitishaje?"

Nikamweleza kwamba ziko ndani ya kabati la kioo, na zimekuwa Guangzhou kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Akatafakari kidogo huku akikandamiza mashine ya kukaushia nywele ndani ya buti. Akauliza kiingilio ni kiasi gani, nikamwambia Yuan 10; akauliza kama ni mbali na Xiaobei, nikamwambia stesheni chache tu, unabadilisha kwenye stesheni kuu. Akatoa simu, akaandika Yuexiu Park, akaniomba nimhakikishie herufi, na foleni ikasogea.